Kabla ya kufungua Chhava, chora ukoo kwanza

Chhava, riwaya ya Kimarathi ya Shivaji Sawant iliyotoka 1979, huwachosha wasomaji wageni mapema kwa sababu ya majina. Mhusika mkuu, mfalme wa pili wa Wamaratha wa magharibi mwa India, ni Sambhaji, Shambhuraje au Chhatrapati (cheo cha mfalme), kutegemea anayemwita ni nani. Baba yake, mwanzilishi wa ufalme huo, naye ni Shivaji, wajina wa mwandishi.

Chukua karatasi. Juu andika Shivaji, chini yake wake wawili (alikuwa na wengine, hawa wanatosha): Saibai, mama wa Sambhaji aliyezaliwa 1657, na Soyarabai, mama wa Rajaram aliyezaliwa 1670. Saibai alifariki 1659. Fitina zote za ikulu zimejificha hapo.

Nyuma ya karatasi weka miaka minne tu. 1678: Sambhaji anahamia kwa Diler Khan, jemadari wa Mughal, milki kubwa ya India iliyokuwa adui wa Wamaratha, kisha anarejea mwaka uliofuata. 1680: Shivaji anafariki. 1681: Sambhaji anatawazwa. 1689: anakamatwa Sangameshwar na kuuawa kwa amri ya Aurangzeb, mfalme wa Mughal. Ukifika 1678, punguza mwendo. Wanaomchukia hawatoki hapo, wanaompenda hupakimbia. Angalia mwandishi anampa udhuru gani, na anamtwisha nani lawama.

Jambo linalowaponyoka wengi ni neno Chitnis. Lilikuwa cheo, mkuu wa makarani wa barua, kabla ya kuwa jina la ukoo. Balaji Avji Chitnis aliuawa kwa amri ya Sambhaji 1681, kwa tuhuma za njama. Mwanzoni mwa karne ya 19, mtu wa uzao wake, Malhar Ramrao Chitnis, akaandika bakhari, yaani tarikh ya Kimarathi, iliyomchafua mfalme huyo vibaya. Sifa hiyo ikadumu hadi watafiti waliporudi kwenye nyaraka, hasa V. S. Bendre katika kitabu chake cha 1960. Sawant yuko upande wa kumsafisha, na mahali pengine anasafisha kupita kiasi. Msome kama wakili wa Sambhaji. Hukumu baki nayo wewe.

Msomaji wa pwani asiruke Janjira, ngome ya kisiwani katika pwani ya magharibi ya India, ambayo Sambhaji aliizingira 1682 akashindwa kuitwaa. Jina lake limetokana na jazira ya Kiarabu, na watawala wake, Masidi, walikuwa na asili ya Afrika, hasa Uhabeshi. Mwaka 1683 akaigeukia Goa ya Wareno, makao yaleyale yaliyokuwa yakiiamuru Ngome ya Yesu kule Mombasa.