Maswali ya Wasomaji: Mikanda ya Zamani ya Treni za Mvuke

Swali: Habari za kazi. Tulipokuwa tunasafisha stoo ya marehemu babu tulikuta mikanda midogo ya filamu kwenye kopo la biskuti. Mmoja ukiuinua kwenye mwanga unaona kichwa cha treni ya mvuke. Jirani ana projekta inayofanya kazi. Tuuweke tuangalie?
*Msomaji, Rau, Moshi*

Jibu: Poleni na msiba. Projekta isubiri kwanza. Anzeni kwa kunusa. Mkanda unaonuka siki plastiki yake imeanza kuoza, na asidi inayotoka inaharakisha kuoza kwa mingine iliyo kopo moja nao. Utengeni, muuweke kwenye boksi la karatasi linalopitisha hewa.

Sasa angalieni vitundu vya pembeni. Vikiwa vikubwa na viko mpakani, kati ya picha na picha, hiyo ni milimita 8 ya zamani, iliyoingia sokoni 1932. Vikiwa vidogo, na kila kimoja kiko usawa wa katikati ya picha, ni Super 8 ya 1965. Lazeni kipande mezani bila kukivuta, mpime kwa rula urefu wa nafasi 100, kutoka kitundu cha kwanza hadi cha 101. Milimita 8 ya zamani itoe milimita 381, Super 8 itoe 423. Zikipungua milimita tatu au zaidi, mkanda umesinyaa, na meno ya projekta yatauchana. Mkanda uliochanika hukwama, na ukikwama mbele ya taa haichukui muda: ukutani mtaona doa la kahawia linatanuka na kutoa povu, na picha hiyo ndiyo imekwenda.

Kuhusu ukungu mweupe, ambao kwa unyevu wa Rau si ajabu kuukuta: msiguse maji kabisa. Kuvu hula jelatini inayobeba picha na kuifanya iyeyuke kwenye maji, kwa hiyo kitambaa kibichi kitafuta treni pamoja na ukungu. Tumieni kitambaa laini kikavu kisichoacha nyuzi. Uchafu ukigoma, spiriti ya isopropili ya asilimia 99, mkiijaribu kwanza mwishoni mwa mkanda. Ile ya asilimia 70 ya duka la dawa ina maji ndani yake. Na kama pembeni kuna mstari wa kahawia wa sauti, hapo msipake chochote.

Maungio ya zamani huachia yakivutwa, kwa hiyo yakagueni yote kwa mkono kabla ya kuzungusha.

Swali: Nimeurekodi mkanda kwa simu kutoka ukutani. Picha inapepesa, na treni inakimbia kupita kiasi. Kosa ni la simu?
*Msomaji, Sakina, Arusha*

Jibu: Ni makosa mawili tofauti. Mwendo ni wa projekta. Kamera nyingi za nyumbani zilipiga picha 16 kwa sekunde, au 18 kwa Super 8. Projekta ukiiweka 24, treni iliyokuwa inakwenda kilomita 40 kwa saa kwenye mkanda wa 18 itaonekana inakwenda 53. Usipime kwa treni, pima kwa watu walioko stesheni: wakitembea kawaida, mwendo uko sawa.

Kupepesa kunatokana na shata, kile kipande kinachozunguka ndani ya projekta na kukata mwanga wa taa. Ile yenye mabawa matatu, ikipitisha karibu picha 16 na theluthi mbili kwa sekunde, inakata mwanga mara 50. Kwenye simu tafuta programu inayokuruhusu kupanga mwenyewe, weka picha 25 kwa sekunde na shata ya simu (muda wa kupokea mwanga) sekunde 1/50, kisha punguza mwendo wa projekta taratibu mpaka kupepesa kutulie. Kwa kutazama na familia inatosha. Kwa nakala ya kuhifadhi, lipia kuskaniwa picha moja moja: futi 50 za Super 8 ni picha 3,600, yaani dakika 3 na sekunde 20 kwa mwendo wa 18.

Swali: Kichwa cha treni kwenye mkanda wetu kina namba inayoanza na 59. Wazee wanasema picha ilipigwa Moshi. Inawezekana?
*Msomaji, Kiborloni, Moshi*

Jibu: Haielekei. Kwenye namba za Reli ya Afrika Mashariki tarakimu mbili za mwanzo ni daraja la kichwa. Daraja la 59 ni Garratt, vichwa vikubwa vya mvuke vya tani 252 hivi, na kazi yake ilikuwa njia kuu ya Mombasa na Nairobi. Huenda wazee walichanganywa na bamba la ubavuni, maana vichwa hivyo vilipewa majina ya milima: 5930 ni Mount Shengena, mlima wa Upareni, na 5918 ni Mount Gelai. Vyote viwili vipo kwenye makumbusho ya reli Nairobi.

Mkikuta maandishi yanasomeka kinyumenyume, mkanda umenakiliwa kwa upande usio wake, ugeuzeni. Kama hakuna maandishi ila mlima Kilimanjaro unaonekana, angalieni vilele vyake: mtazamaji aliyeko Moshi huona Mawenzi kulia kwa Kibo. Mawenzi ikiwa kushoto, ama mkanda umegeuzwa ama kamera ilikuwa upande wa Kenya, kaskazini ya mlima.

Mwaka utafuteni ukingoni mwa mkanda wenyewe. Kodak walichapa alama ndogo za duara, mraba na pembetatu zinazoonyesha mwaka mkanda ulipotengenezwa. Alama hizo hurudiwa kila baada ya miaka 20, kwa hiyo mtahitaji pia kuangalia magari na nguo za watu kuchagua mwaka sahihi.