Mama yuko kwenye kemo, hali wala hanywi

SWALI: Shikamoo daktari. Mama ana kansa ya ziwa, anatibiwa Ocean Road, ameshapata dripu mbili za kemo, ile dawa nyekundu ya kansa. Akirudi home anatapika siku mbili tatu, mdomo una vidonda, nywele ndo zimeisha, alafu mkojo ulitoka mwekundu tukajua damu. Jirani kaleta mizizi eti inaongeza damu. Wiki iliyopita usiku alipata homa tukampa panadol ikashuka. Tufanyeje jamani?
Binti wa Temeke

JIBU: Marahaba mwanangu. Hiyo homa umeitaja mwishoni kama kitu kidogo, mimi ndo naanza nayo. Kemo inapiga kansa lakini inashusha na chembe nyeupe za damu zinazopambana na vijidudu, na siku ya 7 mpaka ya 14 hivi baada ya dripu ndo zinakuwa chini kabisa, sasa akifika joto 38 kwenda juu ni hospitali usiku huohuo, msisubiri kukuche, maana anaweza kuhitaji antibayotiki za mshipa na panadol inashusha joto tu huku maambukizi yanaendelea ndani. Nunueni kipimajoto, wekeni hela ya bajaji pembeni, mkifika mapokezi semeni kwanza kabisa "yuko kwenye kemo", msikae foleni kimya. Na hiyo homa iliyopita mwambieni daktari mapema, msisubiri kliniki ijayo.

Mkojo mwekundu ni rangi ya dawa, siku moja mbili unaisha.

Dawa za kuzuia kutapika hazisubiri kichefuchefu kianze, ameze kwa saa alizoandikiwa hata akijisikia poa. Kama bado anatapika semeni kabla ya dripu ya 3, zipo za aina nyingi zinabadilishwa, wamama wengi wanavumilia tu wakidhani ndo kemo ilivyo. Maji yasipokaa tumboni siku nzima, mrudisheni.

Mdomo asukutue mara kwa mara na maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo, mswaki laini, pilipili na ndimu akae nazo mbali. Mtori au uji uliopoa, kidogo kidogo, msimlazimishe sahani nzima.

Mizizi hapana. Nyingine zinagongana na kemo, na kipimo chake hakuna anayekijua. Jirani mshukuruni bila ugomvi. Kama mama ameshainywa mwambieni daktari, hatagomba (haya, wengine wanagomba, mwambieni hivyohivyo).

Nywele zitaota, kawaida ni miezi michache baada ya dripu ya mwisho, kwa sasa mtandio unatosha.