Nyuki wa watu, nirine mchana?

SWALI: Shikamoo anti. Mi nasoma Pisa huku Italia, kwetu Tabora. Jumamosi hii rafiki yangu wa chuo kanialika kwao Lunigiana, eneo la milima huku huku, wazazi wake wanafuga nyuki na eti tutarina asali mchana kweupe!! Babu yangu alikuwa anarina usiku na mwenge na bado anarudi uso umevimba. Niende kweli? Na nikifika kwa watu nifanyeje nisiaibike?
Mnyamwezi wa Pisa

JIBU: Marahaba mwanangu. Nenda bwana. Nyuki wa Italia ni jamii nyingine, wataalamu wanamwita Apis mellifera ligustica, ana rangi ya dhahabu na upole wake ndo umefanya wafugaji wa nchi kibao wamtafute, sio hawa wetu ukigusa mzinga vibaya mnakimbia na mbuzi. Mimi nilishaalikwa shamba la hivyo, mzee wa nyumba akapuliza moshi kidogo akafungua mzinga mikono mitupu, nikabaki nimekodoa macho. Wewe lakini vaa wavu, usijifanye shujaa. Nguo nyeupe, pafyumu acha, na asubuhi hiyo usile ndizi, sikutanii, ile harufu nyuki anayotoa akishauma ili kuita wenzake inafanana na ya ndizi.

Mizinga yao ni ya masanduku, wanachukua fremu (viunzi vya mbao vinavyoshika masega) za sanduku la juu tu, la chini wanawaachia nyuki. Mtakwangua nta iliyoziba masega halafu fremu zinaingia kwenye pipa linalozungushwa, asali inarushwa pembeni inachuruzika chini, masega yanarudi mzinga mazima. Babu angeona hiyo, yeye aliyekuwa anakamua kwa mkono!

Sasa nyumbani kwa watu. Mlangoni sema "permesso", ndo hodi yao hiyo, utajibiwa "avanti". Mama mwamkie kwa "buongiorno signora", "ciao" waachie vijana wenzio. Mezani ndo mimi niliumbuka, nilishindilia testaroli (kama chapati laini iliyokatwa vipande, na mchuzi wa majani ya rihani) nikidhani chakula ndo hicho, kumbe ilikuwa sahani ya kwanza, nyama inakuja, jibini inakuja, na mama anakuangalia usoni kama bibi yako. Chukua kidogo kidogo. Zawadi peleka kahawa ya Kilimanjaro au kitenge, wataelewa.

Utaonjeshwa asali mbili, zote jina lake linalindwa na Ulaya tangu 2004. Ya akasia nyeupe, tamu, haigandi haraka (akasia yao siyo migunga yetu, ni mti ulioletwa kutoka Marekani). Ya pili ya maua ya chestinati (mti wa kokwa), nyeusi na chungu kama dawa, wanaila na jibini na wanajivunia hiyo kuliko ile tamu, kwahiyo usikunje uso. Ukirudi niandikie kama uliimaliza.