Mnamlaumu Meya, Diwani Wenu Mnamjua?

Maswali mengi mwezi huu yanahusu umeya. Nimeyajibu machache. Mengine ni matusi yaliyowekewa alama ya kuuliza.

Kwa nini wananchi wa Dodoma hatumpigii kura meya? (Kizota)

Sijui hii ni mara ya ngapi. Meya ni diwani kwanza. Madiwani wakishaapa, wanamchagua mmoja wao. Kwa hiyo siku ile ulipolala ukisema "udiwani nao ni uchaguzi?", wenzako walikuwa wanakuchagulia meya.

Barabara ya mtaani kwetu imegeuka korongo. Meya yuko wapi? (Ipagala)

Nenda TARURA. Barabara za mijini na vijijini ziko kwao tangu 2017. Ukitaka kumbana meya, mbane kwa taka. Jumamosi nilikuwa soko la Majengo: mama muuza nyanya amepanga mafungu yake hatua tatu tu kutoka kwenye lundo la taka, anafukuza nzi kwa kipande cha boksi, na risiti ya ushuru wa asubuhi ameibana chini ya sado. Ushuru umefika kwa wakati, gari la taka bado. Hilo ndilo la kumuuliza meya, na hakuna aliyeniandikia kuhusu hilo.

Nani mkubwa, meya au mkurugenzi wa jiji? (Makole)

Hapa kuna swali. Meya ana joho, mkufu na kiti cha mbele. Mkurugenzi ameteuliwa na Rais, ni katibu wa baraza, na ndiye afisa masuuli, yaani fedha haitoki bila yeye. Kaa siku moja kwenye viti vya wananchi, baraza likiwa linaendelea. Diwani anafungua kabrasha nene kama tofali lililoandaliwa na watu wa mkurugenzi, analisoma palepale, halafu anaulizwa kama anaafiki. Wengi huafiki. Meya mwenye akili huwabana wataalamu kwenye kamati ya fedha, ambako yeye ndiye mwenyekiti, kabla mambo hayajafika ukumbini. Meya mvivu hugonga nyundo tu.

Kwetu kuna la ziada. Tangu 1973 ardhi ya mji huu ilikuwa mikononi mwa CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na halmashauri ilikuwa kama mgeni nyumbani kwake. CDA ikavunjwa Mei 2017, mafaili yakahamia halmashauri, na ugomvi wa viwanja nao ukahamia. Aprili 26, 2018 tukatangazwa jiji. Cheo kikakua, madeni ya viwanja yakabaki yaleyale. Na mkinisikia hili nitashukuru: meya hagawi viwanja. Anayekuambia "nimeshaongea na meya, lete hela ya kupima" anakula hela yako.

Umeya ni ngazi ya kwenda wapi? (Nzuguni)

Inategemea upepo. Isaya Mwita wa Chadema alipata umeya wa Dar es Salaam 2016, Januari 2020 madiwani wakamng'oa, na mwaka uliofuata halmashauri yenyewe ya jiji ikavunjwa. Kalisti Lazaro, naye wa Chadema, akiwa meya wa Arusha alihamia CCM, baadaye akawa mkuu wa wilaya Lushoto. Hapa kwetu Profesa Davis Mwamfupe alitoka kufundisha Chuo Kikuu cha Dodoma akavaa mkufu. Mimi sina shida na maprofesa, ila baraza si darasa: diwani wa darasa la saba mwenye kura kumi mfukoni anaweza kumfelisha mwalimu.

Meya anisaidie kupata mkopo wa asilimia 10. (Chang'ombe)

Hiyo ni asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa vikundi: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za wenye ulemavu. Kikundi chako kiko wapi? Anza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, na umpite kando yeyote anayedai chai ya kusukuma fomu.

Naibu meya anakaa muda gani? (Miyuji)

Mwaka mmoja, kisha kura tena. Ndiyo maana kila mwaka uchaguzi huo ukikaribia, madiwani wanapendana sana.