Kabla hujanunua fremu, pima nafasi iliyo chini ya mkono wa charahani

Wanagenzi wanaokuja kwangu Michenzani kujifunza kushona mifarishi huniuliza kwanza bei, kisha kasi, na ni nadra kuniuliza swali ambalo kwa maoni yangu ndilo linaloamua mengine yote: kutoka kwenye sindano hadi kwenye nguzo ya charahani kuna sentimita ngapi? Charahani ya nyumbani huwa na sentimita 15 hadi 25 hivi, ilhali ile ya mkono mrefu, iliyoundwa makusudi kwa kazi ya fremu, yaani kiunzi cha kukazia mfarishi unaposhonwa, huwa na 45 hadi 75. Nimezitumia zote mbili. Ya mkono mrefu niliitumia kwa miaka mitatu katika karakana moja Uingereza, na ya nyumbani naitumia tangu niliporudi Unguja.

Mezani, kitambaa ndicho kinachosogezwa na charahani imetulia. Katika fremu mambo ni kinyume, kwani matabaka matatu, yaani uso, pamba na kitambaa cha chini, hukazwa baina ya mabomba, na charahani ndiyo inayotembea juu ya kigari chenye magurudumu, nawe ukiiongoza kwa vishikio huku umesimama. Sehemu iliyokwisha kushonwa huviringishwa kwenye bomba linalopita chini ya mkono wa charahani, na kila unavyoendelea bomba hilo hunenepa na kula nafasi. Charahani yangu ina sentimita 22. Ninapokaribia mwisho wa mfarishi wa kitanda kikubwa, furushi lile peke yake huchukua sentimita 10, na nikiondoa nafasi ya mguu wa charahani na ile ya kuepuka kugonga nguzo, hunibakia kama sentimita 9. Ua la upana wa shibiri moja halishoneki hapo kwa mkupuo. Inanibidi nilikate katikati, niviringishe, kisha nitafute tundu lile lile la sindano nilikoishia ili mstari usionekane umeungwa. Kwa mawimbi membamba na maua madogo sioni taabu, lakini kwa michoro mikubwa kazi ya siku moja huwa ya siku tatu.

Kwa sababu hiyo, simshauri anayeanza anunue fremu ya kuwekea charahani ya nyumbani kwa kudhani kwamba ameipata ya mkono mrefu kwa bei nafuu. Ikiwa unashona mifarishi mitatu au minne kwa mwaka, meza pana inatosha: piga bandi matabaka yako vizuri, shusha meno ya charahani, yale yanayovuta kitambaa chini ya mguu wake, na sukuma kitambaa kwa mikono. Ikiwa una wateja wa kudumu, kama vile nyumba za wageni zinazotaka mifarishi ya vitanda vikubwa, weka akiba ununue ya mkono mrefu, huku ukikumbuka kwamba hiyo hushona mshono ulionyooka tu, hivyo charahani ya kawaida utaihitaji bado kwa kuungia vipande na kupigia mapindo. Fremu yenye charahani ya nyumbani naiona inamfaa anayeshona mifarishi ya watoto wachanga.

Chumba nacho kipime. Fremu nyingi za vitanda vikubwa huwa na urefu wa mita 3 hadi 3.6, na lazima ubakiwe na njia ya kupita mbele na nyuma. Weka pimamaji juu ya reli kabla ya kuanza, kwa sababu sakafu ikiinama kidogo tu, kigari hujiendea chenyewe upande wa chini na mistari yote huvutwa huko. Upande wa umeme, charahani zinazotoka Marekani hutumia volti 120 na sisi tuna 230, kwa hiyo ulizia transfoma kabla ya kulipa. Waliokuwa wakishona Unguja umeme ulipokatika kwa takriban miezi mitatu, kuanzia Disemba 2009, wanajua kwa nini mimi siiuzi charahani yangu ya kupiga kwa mguu.

Jambo ninalolisisitiza zaidi ni hatua ya mshono. Meno yakishushwa, hakuna kinachopima hatua isipokuwa mkono wako, na mkono ukikimbia kuliko sindano, mishono hurefuka na kulegea. Charahani nyingi za mkono mrefu huwa na kifaa kinachosoma mwendo wa magurudumu na kurekebisha kasi ya sindano, hata ukapata kama mishono 4 kwa kila sentimita, uende pole au haraka. Kama huna kifaa hicho, jizoeze kwenye vitambaa vibovu kwa wiki kadhaa kabla hujagusa kazi ya mteja.

Mfarishi wangu wa kwanza hapa nyumbani niliushona wote nikiutazama uso wake tu, ambao ulikuwa safi kabisa. Nilipoutoa kwenye fremu na kuugeuza, nilikuta vitanzi vya uzi vimejaa mgongoni. Niliilaumu bobini, kumbe uzi wa juu ndio uliochopoka kwenye visahani vya kukazia, na uzi wa juu ukilegea vitanzi hutokea chini. Nilifumua kwa siku mbili. Tangu hapo, kila baada ya mstari napitisha vidole chini ya kitambaa. Mkwaruzo wa vitanzi huhisika mara moja.

Kwa mazoezi, tumia kanga. Zifue kwanza zitoke wanga na zirudi zinavyotaka kurudi, kisha uziunge kwa upande mrefu: doti moja itakupa karibu sentimita 150 kwa 220. Kitambaa cha chini kinapaswa kuuzidi uso kwa sentimita 10 kila upande ili kipatikane cha kubana kwenye fremu, kwa hiyo uso usizidi 130 kwa 200. Ukienda kuijaribu charahani ya mtu, nenda na doti hiyo na pamba utakayoitumia, ushone hadi bomba linenepe, ndipo upime nafasi iliyobaki.