Mama anataka kurudi kwao

SWALI: Shangazi, shikamoo. Mama yangu ana miaka 78, ugonjwa wa kusahau umemzidi. Kila magharibi anajifunga kanga, anashika mlango: "Nirudisheni kwetu." Nikimwambia hapa ndipo kwako, analia. Majirani wanasema karogwa. Nifanyeje?
Binti, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu, pole sana. Hajarogwa, ubongo unaugua. Usibishane naye. Mshike mkono, muulize habari za huko kwao, na taa ziwashwe mapema. Kisha mchunguze: ana kiu? Jino linamuuma? Mkojo unamchoma? Maambukizi ya mkojo huwavuruga wazee ghafla, naye hawezi kukueleza. Marehemu mama yangu alitulia siku nilipompa ungo wa mchele achambue. Vidole havikuwa vimesahau. Na wewe unalala saa ngapi? Ndugu zako waje wakupokee zamu.