Mbuzi wanatupa mimba, vitoto wanaumwa macho: si lazima uwe ugonjwa mmoja

Mkuu, umesema mbuzi 3 wametupa mimba ndani ya siku 10, vitoto kadhaa wana macho mekundu yenye matongotongo, na unauliza kama ni ugonjwa mmoja na kama uwauze hao waliotupa. Pole sana. Hayo hayo yalinikuta, na nilikosea karibu kila hatua, kwa hiyo niruhusu niandike kirefu.

Mimi nilinunua majike 4 mnadani, wanene, hawana hata kikohozi. Mmoja akatupa mimba, nikasema ni uchovu wa safari. Msimu uliofuata wakatupa 7 wa kwangu mwenyewe, wote wiki mbili au tatu kabla ya siku zao za kuzaa, na vitoto waliotoka walikuwa wamekamilika hadi manyoya. Hapo ndipo penye fundisho la klamidia, bakteria anayetoa mimba za mbuzi: mbuzi huipata msimu huu kutoka kwa mwenzake aliyetupa, inajificha mwilini bila dalili, halafu inakuja kushambulia kondo la nyuma mwishoni mwa mimba inayofuata. Wewe unatafuta sababu kwenye majani ya wiki hii, kumbe iliingia mwaka jana.

Makondo 6 niliyatupa. La saba daktari wa mifugo alilitandaza juu ya nailoni. Kondo lisilo na ugonjwa, kati ya kifungo na kifungo (vile vinundu vinavyolishikiza kwenye mfuko wa uzazi), ni utando mwembamba unaopitisha mwanga. Lile lilikuwa nene kama ngozi ya kiatu, jekundu la kuelekea kahawia, limepakwa uchafu mfano wa usaha. Akalitazama, kisha akauliza, "Nani hapa nyumbani ana mimba?"

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi 6. Usiku wa kuamkia siku hiyo yeye ndiye aliyenishikia taa, akamkausha kwa mikono yake kitoto aliyezaliwa dhaifu. Tulikwenda hospitali saa ile ile, tukaeleza alichogusa, wakamfuatilia, na namshukuru Mungu alijifungua salama. Lakini bakteria huyu anaweza kuharibu mimba ya mwanamke na kumweka mama mwenyewe hatarini. Kama kwako kuna mjamzito, leo hii asikanyage panapozaliwa mbuzi, asiwakamue, wala asifue nguo zako za zizini. Ukilisahau lingine lote, hili usilisahau.

Sasa macho. Nilikuwa na uhakika ni kitu kimoja. Maabara ikasema kondo lina klamidia, macho yana mikoplasma, bakteria mwingine kabisa, na aliyeyasambaza ni mimi: nilifuta vitoto wote kwa kitambaa kimoja. Ila usichukue majibu yangu yakawa yako. Iko aina nyingine ya klamidia inayoumiza macho na viungo vya vitoto, na hiyo hiyo huweza kutoa mimba. Listeria nayo, bakteria anayekaa kwenye saileji (majani yaliyovundikwa) iliyoharibika, hutoa mimba na kuvimbisha macho. Brusela, bakteria mwingine tena, hutoa mimba zaidi kuliko kugusa macho, na nayo inaambukiza watu. Ukikuta kitabu cha zamani kinachoiita hii ya mbuzi klamidia ya kasuku, usichanganyikiwe. Zilitenganishwa rasmi mwaka 1999.

Kwa hiyo vaa glavu, tia kondo bichi kwenye chombo kisichovuja, liweke kwenye barafu, lifike maabara siku hiyo. Yanayobaki choma au fukia kwenda chini, mbwa wasiyafikie. Aliyetupa mtenge mpaka uchafu unaomtoka ukauke. Majike ambao bado wana mimba, daktari anaweza kuwachoma oksitetrasaiklini, antibiotiki, ile inayodumu mwilini. Kwangu ilipunguza hasara, ila haifuti ugonjwa, na kondo lililokwisha kuharibika halirudi.

Kuhusu kuwauza, nakusihi usubiri majibu. Ikiwa ni klamidia, aliyetupa mara moja kwa kawaida hatupi tena, ingawa anaweza kuendelea kutoa vimelea anapozaa. Ukimpeleka mnadani, unamtendea mwenzako kile nilichotendewa mimi. Ikiwa ni brusela, uamuzi ni mwingine kabisa na daktari lazima awepo. Wakati huu usiingize jike mgeni hata mmoja, maana huyo ndiye atakayetupa msimu ujao.